Kilichomuua Shangazi Yako Zaina

Riziki mwanangu,

Salamu sikuandikii, tumesalimiana asubuhi ulipokuwa ukitafuta kiatu chako cha pili chini ya meza. Saa hizi uko ng'ambo ya mto, Alunguli, unawaaga wajomba zako, na ninawajua: hawatakuachia mpaka umekula nyumbani kwa kila mmoja wao. Ndege ni kesho. Mimi niko peke yangu barazani na chai iliyopoa, na nyumba imekaa kimya kana kwamba inafanya mazoezi.

Mambo ya Kinshasa wamekueleza wengine, mtaa wa kupanga na mtaa wa kuepuka, gari la kupanda kwenda kazini na saa ya kurudi. Sina la kuongeza. Mara yangu ya mwisho kufika huko wewe hukuwa umezaliwa, na mji nilioujua nadhani umeshafunikwa na mwingine. Ninachotaka kukueleza ni jambo moja tu, ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kukueleza. Ni habari ya shangazi yako Zaina na kilichomuua. Umekua ukisikia kwamba ni vita. Mimi ndiye niliyekuambia hivyo, na sivyo ilivyokuwa.

Zaina alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Mama yetu alifariki akijifungua mtoto aliyemfuata Zaina, akiwa bado kijana, kwa hiyo tulilelewa sote wawili na shangazi zetu, tukashikamana. Nilipopata kazi ya kufundisha biolojia Kampene, yeye alikuwa ameolewa hukohuko na mwuza mawese, akiuza vitenge kwa wachimbaji, na kila jioni alipita kwangu kunicheka. Kicheko chake kilikuwa na kelele, kilitangulia kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Kila mwaka darasani nilifika kwenye sura ya urithi. Kitabu kilieleza habari za padre mmoja wa Ulaya aliyepanda njegere katika bustani ya watawa, akazihesabu ndefu na fupi, za kijani na za manjano, akagundua kwamba sifa za wazazi hazichanganyiki kama chai na maziwa. Hupita nzima kwenda kwa mtoto, na nyingine hujificha kizazi kizima kabla ya kutokea tena. Kampene hakuna aliyewahi kuona mmea wa njegere. Tulizijua zikiwa ndani ya kopo. Nikapata mbegu kwa mapadre, nikapanda nyuma ya nyumba ili wanafunzi waone kwa macho. Joto lilichoma nusu, mbuzi wa jirani akamaliza iliyobaki. Zaina alinikuta nimesimama mbele ya vijiti vitupu.

"Kaka mwalimu! Mwaka mzima unafundisha watoto chakula ya mu boîte, na sasa mbuzi njo amepita examen!"

Aliisimulia sokoni. Kwa muda mrefu watu waliniuliza habari za mwanafunzi wangu mwenye pembe.

Vita vilipotufikia tulitoka Kampene kwa miguu, kupitia msitu, kundi la watu wa mtaa mmoja. Mume wa Zaina alikuwa safarini upande wa mashariki, hivyo yeye na mtoto wake Salima, aliyekuwa bado wa kubebwa, wakawa chini yangu. Zaina alikuwa amejifunga kitambaa kifuani, kimekazwa sana chini ya blauzi. Sikushangaa. Katika safari zile wanawake wote walificha fedha hapo, na kila mwanamume alijua asiulize mbele ya watu.

Tulipofika mto Elila, mwenye mtumbwi alitaka kulipwa kabla hatujakanyaga. Mimi nilikuwa nimeishiwa. Nikamwambia dada yangu, mbele ya wote:

"Zaina, fungua hicho kitambaa, tumulipe huyu muntu."

"Kaka, humu hamuna makuta."

"Sasa umefunga nini?"

Alinitazama. Kulikuwa na wanaume pande zote, na mimi ni kaka yake, na kaka hatazami kifua cha dada wala haambiwi habari zake. Akavua kitenge chake cha juu kutoka kiunoni, cha mwisho kizuri alichokuwa nacho, akampa mwenye mtumbwi.

"Chukua hii. Kaka yangu anasoma vitabu mingi, lakini hajue kusikia."

Watu walicheka. Mimi nilinuna njia nzima baada ya hapo. Niliamini kwamba alikuwa akificha fedha wakati watoto wanalala na njaa, na sikumsaidia kumbeba Salima kama nilivyokuwa nikimsaidia kabla ya mto. Nimezeeka, mwanangu, na bado ninaiona migongo yao miwili mbele yangu njiani, mkubwa na mdogo, nami nikitembea nyuma na hasira yangu.

Alifia katika kitongoji kidogo, mwendo wa kama juma moja kabla ya Kindu. Homa, kisha uchovu, kisha hakuamka. Wanawake wa kundi letu wakamwosha. Walipotoka, hakuna aliyenitazama usoni. Mkubwa wao, Mama Bahati, alinivuta kando.

"Mwalimu, ni vita."

"Vita namna gani? Hakupigwa risasi."

"Nakuambia ni vita. Uko na mutoto wa kike pale. Kesho wamukatae juu ya nini?"

Wewe umekulia mjini, labda haya hujayaona kwa karibu. Kwetu, familia mbili zikianza kuzungumza mahari, kila upande hutuma watu kimya kimya kuchunguza ukoo wa mwenzake. Kuna kifafa huko? Kuna wazimu? Kuna ugonjwa unaorudi rudi kwa wanawake? Ikisikika kuna jambo, mazungumzo hufa bila mtu kusema kwa nini. Kwa hiyo wanawake wanaoosha maiti hubeba walichokiona mpaka kaburini kwao, na wanafanya hivyo kwa huruma. Mama Bahati alikuwa anamlinda Salima, msichana ambaye hata kusema vizuri hakujua. Na vita vilikuwa vimefika wakati wa kufaa, kama naweza kusema hivyo. Havikukataa maiti yeyote. Kila aliyekufa miaka ile, hata kwa kuhara, hata kwa uzee, tulimwandikia vita, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Nilielewa nusu. Nilielewa kwamba ni ugonjwa wa kike, na kwamba nisiulize. Kisha jioni ya matanga shangazi mmoja mzee, aliyekuwa katika kundi letu, alinikumbusha kuwa mama wa mama yetu, ambaye dada yangu alipewa jina lake, alikufa na kidonda kifuani. "Jina hilo linakula mwenye kulibeba," akasema. Zaina wa kwanza, Zaina wa pili. Ilitosha. Mtu mwenye majonzi hahitaji mifano mingi.

Ulipozaliwa wewe, hapa Kindu, mwaka uliofuata, ukoo wote uliobaki ulijua utaitwa nani. Msichana wa kwanza baada ya msiba hupewa jina la marehemu ili arudi. Ningekuita "dada" huku nikikubembeleza, na watu wangefurahi. Nilikataa. Nikakupa jina la mama mmoja kutoka Lokandu, mwuza samaki wa moshi, aliyetulaza nyumbani kwake tulipofika bila hata mkeka. Si ndugu yetu kwa lolote. Shangazi zangu walisema ninamzika dada yangu mara mbili. Wawili kati yao hawakukanyaga nyumba hii tena, na ndiyo sababu umekua bila watu wa upande wangu. Hukuwahi kuniuliza kwa nini sisi hatutembelewi. Labda ulidhani wamekufa wote.

Nami nilijiona nimeshinda. Nilidhani nimekutoa njiani mwa hatari kwa neno moja. Juu ya hilo nilijiambia kwamba ugonjwa ule ni wa wanawake, mimi ni mwanamume, basi hata kama upo, umeishia kwa Zaina. Na kila mwaka, katika shule ya hapa kama kule Kampene, niliingia darasani na chaki nikafundisha kwamba mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kwamba sifa huweza kupita kwa mzazi asiyeionyesha. Watoto walinakili ubaoni, nami nikasahihisha. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza kama njegere hubadilika rangi ukizipa jina jingine.

Sasa nifike kwa Salima. Unajua kwamba baba yake alikuja kumchukua, wakavuka ziwa, wakakaa kambini Tanzania miaka mingi, mwisho wakapelekwa nchi ya baridi. Kwetu amekuwa sauti ya simu siku za sikukuu. Masika yaliyopita alinipigia siku isiyo sikukuu, wewe ukiwa sokoni Kasuku.

"Mujomba, mama yangu alikufa na nini?"

"Vita, mwanangu."

"Minakuuliza kweli. Daktari njo anauliza."

"Nimesema vita."

Nikasikia akifunga mlango upande wake.

"Mujomba, niko na ugonjwa mu titi. Wamepima damu, wanasema nilizaliwa na kitu, mutu wa nyuma njo aliniachia. Wamepima papa, yeye hana. Vita haiotake mu titi, Mujomba."

Basi nikamwambia. Habari ya kitambaa, ya mtumbwi, ya Mama Bahati. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mama yako, ambaye niliishi naye vizuri mpaka presha ilipomchukua. Nilitegemea Salima anitukane. Alisema, "Kumbe hakuficha makuta," kisha akalia, nami nikalia upande wangu, na vocha ikaisha katikati.

Siku chache baadaye nilikwenda hospitali kumwona daktari kijana, mwanamke, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu. Mwalimu katika mji huu hawezi kuugua kwa siri.

"Prof! Weye njo ulinipa sifuri ya njegere!"

"Ulistahili."

"Sasa nimefaulu, keti."

Nilimweleza yote. Hakucheka tena. Alinieleza kwa mfano ambao ningeupa alama zote. Unawajua makwado, wale mafundi wa barabarani wanaoziba matairi. Alisema kila chembe ya mwili ina kwado wawili wa kazi hiyohiyo, mmoja kutoka kwa baba, mmoja kutoka kwa mama, na kazi yao ni kuziba matundu yanayotokea kila siku katika maagizo ya mwili. Mtu wa ukoo kama wetu huzaliwa na mmoja asiyejua kazi. Baiskeli inatembea, kwa kuwa yule mwingine anaziba. Shida huja siku mwingine naye akiharibika katika chembe fulani. Hapo matundu hubaki wazi, na saratani huanzia mahali kama hapo. Kwa wanawake ni titi na mara nyingine mfuko wa mayai. Mwanamume naye anaweza kuugua, titi mara chache, tezi dume zaidi. Lakini mara nyingi mwanamume hupitisha tu, asijue.

"Ni kama SS?" nikauliza. Nilikuwa namfikiria mtoto wa jirani yetu mwenye selimundu, yule ambaye mifupa humwuma mpaka mtaa mzima unasikia.

"Hapana, Prof. SS inataka wazazi wote wawili. Hii, mumoja anatosha. Halafu SS unazaliwa mugonjwa. Hii unazaliwa muzima, unabeba hatari tu. Wengine wanabeba mpaka uzee, hawaugue."

Niliuliza lile ambalo nililijua tayari, kwa kuwa nimelifundisha maisha yangu yote. Kama Zaina alikuwa nayo, na ilitoka kwa mama yetu, mimi je?

"Nusu kwa nusu," akasema. "Na Riziki, nusu ya nusu yako. Mpaka tujue yako."

Hapa Kindu hakuna mashine ya kuona jambo hilo. Salima alituma kichupa cha kutemea mate, kikanifikia kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo mwenye duka hapa Kasuku, na kikarudi kwa mkono uleule hadi Kampala, akakiposti kutoka huko. Ulikiona mezani ukaniuliza ni cha nini. Nikasema ni cha meno. Ulicheka, ukasema kwani yamebaki mangapi. Nilikaa na kile kichupa asubuhi nzima, mdomo umekauka kama wa mtu aliyeitwa mahakamani.

Majibu yamefika, Riziki. Ile hatari ninayo.

Kwa hiyo ile robo imekwisha. Kwako sasa ni nusu. Labda unayo, labda huna, na jibu lenyewe liko ndani yako tangu kabla hujalia kilio cha kwanza. Ni kwamba hakuna aliyelitazama. Jina nililokupa halikuligusa. Nilikuficha mbele ya mlango ambao ugonjwa haukuwahi kuutumia, na mlango wenyewe nilikuwa mimi.

Sitakuambia ukapime. Ni mwili wako, na kujua nako kuna uzito wake. Salima anasema kuna siku anatamani asingejua, kisha kuna siku anamshukuru Mungu. Ninachokijua ni kidogo nami nakupa chote. Kinshasa kuna wanaoweza kuchukua damu na kuituma panapohusika, daktari wangu wa sifuri yuko tayari kukuelekeza. Hata usipopima, usingoje umri ambao wanawake wengine huanza kutazamwa. Waambie madaktari mapema kwamba kwenu kuna Zaina wawili na Salima, waanze mapema nawe. Uvimbe ukikutwa mdogo, hutibiwa. Salima yuko hai. Amekatwa, ametiwa dawa kali, nywele zilikwisha zote, na juzi aliniambia, "Zimerudi, Mujomba, lakini mbaya kuliko za kwanza." Nilisikia mama yake ndani ya sauti ile. Ilibidi nimpe jirani simu.

Na yuko kijana fulani, jina sitaji, ambaye akipiga simu wewe hutoka nje kuongea hata mvua ikinyesha. Siku watu wake watakapotumwa kuchunguza ukoo wetu, wasihangaike kuzunguka kwa majirani. Waje kwangu. Nitawaeleza mwenyewe, nikiwa nimekaa wima, kilichoko na kisichokuwepo, na wakiondoka, waondoke wakijua. Mama Bahati alifanya alivyoweza kwa mtoto ambaye hakuwa wake. Lakini Salima aligundua uvimbe wake akauacha miezi mingi, kwa sababu hakuna kilichomwambia aogope. Ukoo wake ulikuwa na vita tu.

Sina watu wengi wa kukumbuka nao. Waliotoka Kampene nami wamebaki wachache, na tukikutana tunaongea habari za bei ya mchele. Nikifa, hakuna atakayejua jinsi dada yangu alivyocheka, wala kwamba alitembea msitu mzima na maumivu kifuani, akimbeba mtoto, na kaka yake akimnunia. Nilikuwa nimezoea wazo hilo. Nilikuwa nimelifanya kuwa adhabu yangu, na adhabu mtu akiizoea huwa kama kiti chake. Hukuwa na haja ya kuirithi adhabu, lakini ile habari ni haki yako, iko katika damu yako au karibu nayo, na nimechelewa kukupa.

Kesho nitarudi kutoka uwanjani kwa pikipiki, nitafungua mlango, na sitakuwa na mtu wa kumwuliza kama amekula. Nakuambia hivi bila kukulaumu. Nenda. Ningekuwa na umri wako ningekwenda.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii uwanjani, uisome angani, mbali na uso wangu. Nimefikiri tena. Ungekuwa umekaa kati ya watu usiowajua, na jambo kama hili mkononi, na hakuna wa kumwuliza. Alikuwepo mwingine aliyeachwa hivyo ukingoni mwa mto, mbele ya watu, na aliyepaswa kumsikiliza alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Kwa hiyo ukirudi kutoka Alunguli, hata kama umeshiba na umechoka, nitakukalisha mezani, nitakupa karatasi hizi, nami nitakaa mbele yako mpaka umalize. Ukikasirika, kasirika nikiwepo. Ukitaka kuuliza, uliza hata yale ambayo binti hamwulizi baba yake.

Umefika mwisho. Aliyeandika ni papa yako, na ndiye huyu aliyekaa hapa.

Inua macho, mama.